Fundi wa Kizota aliyekataa kupaka vanishi kitako cha bunduki ya baba

Nianze na hesabu ya kukarabati kitako, yaani ule mti wa bunduki ya baba, maana najua ndiyo wengi mnaitafuta kwanza. Ufundi shilingi 220,000. Vifaa 65,000. Mpira wa kitakoni niliuagiza mwenyewe kutoka Arusha, 90,000 pamoja na nauli ya basi. Tulikubaliana wiki nne, kazi ikachukua wiki tano na siku mbili. Fundi ni seremala mzee mwenye karakana Kizota, hapa Dodoma, upande wa barabara ya Singida. Kibao hana, ukimuulizia seremala anayetengeneza ala za muziki, malimba na zeze, utaelekezwa. Kazi aliyonifanyia naipenda kuliko kitu chochote nilicholipia mwaka huu. Malalamiko ninayo mawili, nayo nitayasema yalivyo.

Bunduki yenyewe ni BRNO ZKK 602, kaliba .375 H&H, iliyotengenezwa Uherský Brod enzi za Chekoslovakia. Baba alikuwa bwana nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, akazunguka mapori ya Rungwa na Kizigo miaka mingi, lakini hii ilikuwa mali yake binafsi. Alipofariki nilifuata taratibu zote mpaka umiliki ukahamia kwangu. Chuma chake ni kizima. Mtutu ndani unang'aa, bolti inateleza kama imepakwa samli. Kilichochakaa ni mti.

Mti wake ni mjozi wa Ulaya, ule wanaouita wolinati. Si mgumu kama mninga wetu na wala haukaribii mpingo, lakini ni mwepesi, hautanuki wala kunywea ovyo, na unavumilia teke la bunduki bila kupasuka kirahisi. Ndiyo maana viwanda vya bunduki vimeupenda tangu zamani. Wa kwetu ulikuwa umepitia mengi. Mwaka 2009 mimi mwenyewe niliupaka vanishi ya milango, makoti matatu, nikidhani namfurahisha baba. Hakusema neno, aliipokea akaitundika. Vanishi ile ikajaa kwenye michoro ya kushikia, ile mistari inayokatana kama wavu, ikaifukia yote. Baada ya misimu miwili ya jua la huku ikaanza kubambuka magamba kama ngozi ya kenge. Nimeishi na jambo hilo moyoni muda mrefu kuliko inavyostahili.

Mengine ni haya. Nyuma ya mkia wa chuma, pale mwisho wa chuma unapolala kwenye shingo ya kitako, mti ulikuwa mweusi tii na laini, ukiubonyeza na ukucha unaacha alama. Kutokea hapo kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wa sentimita nne, unaoshuka kuelekea mahali pa kushikia. Mbonyeo zilikuwa nyingi, kila moja na siku yake. Mpira wa kitakoni ulikuwa umekauka kama soli ya kiatu kilichotupwa.

Kwanza nilikwenda kwenye karakana moja ya fenicha hapa mjini, ambayo sitaitaja. Kijana alitazama kwa sekunde chache akasema elfu sitini, siku mbili, atapitisha mashine ya msasa kisha atapuliza vanishi ya gari. Nikamuuliza habari ya ule ufa. Akasema vanishi itauficha. Nikaondoka, maana bunduki inayosukuma risasi ya gramu 19 haifichwi ufa. Ufa ulio nyuma ya chuma unakua kila unapofyatua, na siku ya mwisho shingo inakatika mkononi mwako, huenda nyati akiwa hatua thelathini mbele.

Mzee wa Kizota nilielekezwa na mjomba, ambaye mzee huyo aliwahi kumtengenezea mpini wa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kabla sijaenda nilipita kituo cha polisi ninakokaguliwa silaha, nikaeleza ninachotaka kufanya. Kisha nyumbani nikatoa risasi zote, nikachungulia chemba mara mbili, nikachomoa bolti, nikafungua skrubu za chini kwa bisibisi inayokaa sawasawa kwenye mfereji wake, nikautenganisha mti na chuma. Chuma kikarudi kwenye sanduku lake na kufuli. Nikabeba mti peke yake, nimeufunga kwenye kitenge cha mama. Naomba wenye silaha mlielewe hili vizuri: seremala hahitaji bunduki yako, anahitaji mti wako. Mtu akikwambia muachie yote kwa wiki mbili, ondoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huyo mtoto mbona umemfunika uso?"

Nikafungua kitenge. Hakushika msasa wala tupa. Alikiinua kitako kwa vidole viwili, kikaning'inia, akakigonga kwa kifundo cha kidole sehemu ya mbele, halafu katikati, halafu kwenye shingo. Mbele kilitoa sauti kavu, safi. Kwenye shingo sauti ikafifia, kama unagonga mtungi wenye ufa. Akarudia mara tatu huku ameinamisha kichwa. Mtu aliyechonga malimba maisha yake yote anasikia mti kabla hajauona, na kwa kweli alinionyesha mwisho wa ufa kwa sauti tu. Ulikuwa mrefu kuliko nilivyoona kwa macho, karibu sentimita sita.

Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Alipitisha kidole kwenye mbonyeo moja baada ya nyingine, na kila moja akauliza: "Hii niitoe au niiache?"

Sikuwa nimelifikiria. Nilikwenda nikitaka kitako kiwe kipya. Lakini alipofika kwenye jeraha refu chini ya mahali pa shavu, nikajikuta nasema acha. Lile baba alilipata alipoteleza kwenye miamba ya mto Kizigo, akaangukia bunduki ubavu, akatembea siku nzima na mbavu zinauma. Alikuwa akitusimulia huku ametuwekea vidole vyetu humo. Mzee akachukua penseli ya seremala, akalizungushia duara. "Hili halina ugonjwa," akasema. "Mengine yana ugonjwa." Kati ya mbonyeo kumi na tisa tulizozihesabu, tuliacha nne.

Vanishi yangu ya 2009 ilitoka kwa dawa ya kuondolea rangi na kipande cha kioo cha dirisha. Hakutumia mashine. Alisema mashine ya msasa haioni, na mti wa bunduki una kingo ambazo ukizila kwa nusu milimita tu chuma kinabaki kimesimama juu ya mti kama jino lililotoka nje ya fizi. Kingo zote zinazokutana na chuma alizifunika kwa utepe wa karatasi wenye gundi tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwenye michoro ya kushikia alipaka dawa, akasubiri, akasugua kwa mswaki mgumu kufuata mistari, akarudia. Ilikula siku mbili. Vanishi ilitoka humo kama ugali uliokauka kwenye sufuria.

Sasa habari ya ule mti mweusi, na hapa nataka kila mwenye bunduki anisikilize. Mafuta ya bunduki hayakai pale ulipoyapaka. Ukisimamisha bunduki kabatini mdomo ukiwa juu, kama tunavyofanya wengi, mafuta yanateremka taratibu mwaka hadi mwaka, yanaingia kwenye mti nyuma ya chuma, yanaunyonyesha mpaka unalainika. Mti uliolainika haushiki gundi wala haushiki teke. Baba aliisimamisha hivyo kwenye kona ya kabati tangu nina akili. Mzee alisema baada ya kupaka mafuta mengi, isimamishe mdomo chini juu ya kitambaa usiku mmoja, au ilaze, na siku zote paka kidogo. Jambo dogo namna hiyo, na limekaribia kuua kitako cha maana.

Kuyatoa mafuta hayo alitumia chaki. Mke wangu ni mwalimu, nikampelekea boksi la vipande vilivyobaki darasani. Akavitwanga kwenye kinu kidogo, akachanganya na asetoni ya duka la rangi mpaka ikawa kama uji mzito, akapaka mahali peusi. Asetoni inaingia ndani inayeyusha mafuta, na inapokauka chaki inayafyonza kuja juu. Mara ya kwanza chaki iligeuka rangi ya chai. Akaikwangua, akapaka tena. Alirudia mara sita ndani ya wiki nzima, na mara ya mwisho ikabaki nyeupe. Nilikwenda kila jioni baada ya kazi kuangalia rangi ya ile chaki. Kazi hiyo anaifanyia nje, chini ya mkwaju, mbali na jiko, maana mvuke wa asetoni unashika moto haraka na unaumiza kichwa. Hii ndiyo wiki iliyozidi kwenye makubaliano yetu, na siwezi kumlaumu kwa wiki hiyo.

Mti ulipokuwa mkavu ndipo akashika ufa. Aliupanua kidogo sana kwa kabari ya mwanzi, akapasha moto gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili, kwenye maji ya uvuguvugu ili iwe nyepesi, akaiingiza kwa bomba la sindano la duka la dawa mpaka ikachomoza upande wa pili. Akatoa kabari, akafuta, akafunga shingo yote kwa utepe wa tyubu ya baiskeli alioukata mrefu, akiuvuta kwa nguvu kila mzunguko. Mpira unabana pande zote sawasawa, na jiliwa haliwezi kufanya hivyo kwenye kitu cha mviringo. Akaacha siku mbili.

Lakini alinieleza kwamba gundi peke yake ni bandeji, kwa sababu ufa una kilichouleta. Chini ya chuma, mbele ya magazini, kuna jino nene la chuma linaloegemea ukuta wa mti. Teke lote la bunduki linatakiwa kuishia kwenye ukuta huo. Kama jino haliegemei vizuri, chuma kinarudi nyuma kwa nafasi ndogo isiyoonekana, na ule mkia unaipiga shingo kama patasi. Ndiyo maana bunduki za kaliba kubwa hupasuka pale pale.

Kulikagua hilo kulihitaji chuma, na chuma kilikuwa nyumbani. Basi mzee akaja kwangu Ipagala Jumamosi mbili, na begi lake la vifaa. Nikatoa chuma mwenyewe, bila bolti, tukakaa barazani. Akawasha kibatari, akalishika jino juu ya moshi mpaka likapakaa masizi, akakishusha chuma kwenye mti polepole, akakitoa. Masizi yaligusa kona moja tu ya ukuta, mahali padogo kama punje ya mahindi. Muda wote huo wa nyati na teke, mzigo ulikuwa umebebwa na punje ya mahindi. Akakwangua pale palipogusa, unga tu, akarudisha masizi, akashusha tena. Alikishusha na kukitoa chuma mara nyingi sana siku hiyo, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka alasiri. Mke wangu alituletea mlenda na ugali wa uwele tukala na vidole vyeusi. Jumamosi ya pili ukuta wote ulikuwa mweusi sawasawa kutoka kushoto hadi kulia. Nyuma ya mkia akaacha mwanya mwembamba, unene wa kadi ya simu, ili chuma kisiguse tena shingo. Hiyo kazi ya masizi hakunitoza zaidi. Alisema ilikuwa ndani ya bei kwa sababu bila hiyo kazi nyingine zote ni urembo.

Mbonyeo alizitoa kwa pasi ya mkaa. Kitambaa cha pamba kilicholowa kinawekwa juu ya mbonyeo, pasi ya moto inagusa kidogo, mvuke unaingia kwenye nyuzi za mti zilizolala na zinanyanyuka zenyewe. Zinanyanyuka zilizobonyea tu. Nyuzi zilizokatika haziinuki, na hapo hakudanganya kwa kujazia unga wa mbao na gundi. Mbili zilibaki kama vivuli. Msasa ulikuwa wa mkono, amekunja juu ya kipande cha kandambili, kuanzia namba 120 mpaka 400, na katikati akalowesha mti ili vinyweleo visimame, akauacha ukauke, akavikata. Alifanya hivyo mara tatu. Asipofanya, mvua ya kwanza ingefanya mti uwe na manyoya.

Nikamwambia sasa tupake vanishi nzuri, ya bei, isiyopitisha maji. Akakataa. Hakukataa kwa ukali. Alichukua kipande cha meza ya zamani kilichokuwa kwenye lundo, vanishi imepasukapasuka, akanionyesha maji yanavyoingia kwenye ufa na kusambaa chini ya ganda bila njia ya kutokea. "Dodoma mti unapumua sana," alisema. Ni kweli. Kuanzia Mei mpaka Novemba hewa hapa inakausha hata midomo, halafu Desemba mvua inashuka. Mti unanywea na kutanuka, vanishi ngumu haiwezi kuufuata, inapasuka. Na ikipasuka huwezi kutibu mahali pamoja, lazima ubambue yote. Mafuta yanaingia ndani ya mti. Hayazuii maji kama vanishi ambayo ni nzima, na hili alilisema wazi; yanayachelewesha tu, na lazima uyarudishie kila mwaka. Lakini ukikwaruza, unatibu kwa tone moja na kiganja.

Alitumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa, madukani wanayaita linsidi. Angalia kopo vizuri ukinunua. Mabichi yanachelewa mno kukauka, yananata wiki kwa wiki na vumbi linajishika. Aliyachanganya kidogo na tapentaini kwa koti mbili za kwanza ili yazame, baada ya hapo ni matone tu, akisugua kwa kiganja mpaka mti upate joto. Koti moja kwa siku, anaanza alfajiri kabla upepo wa Dodoma haujaamka na vumbi lake, halafu anakitundika ndani ya kabati kuukuu lenye milango mpaka kesho yake. Makoti tisa. Alipaka hata mahali pasipoonekana: ndani ya mifereji ya chuma, na mwisho wa kitako chini ya mpira, ambako mirija ya mti imekatwa wazi na inanyonya maji kama mrija wa soda. Hapo alipaka mpaka mti ukakataa kunywa.

Vitambaa vya mafuta hayo alikuwa akivitumbukiza kwenye ndoo ya maji kila akimaliza. Nilidhani ni usafi. Akanieleza kwamba vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikikunjwa na kutupwa kwenye maranda vinajipasha moto vyenyewe, na karakana inaweza kuungua usiku bila mtu kuwasha kiberiti. Mkijaribu kazi hii nyumbani, likumbukeni hilo kabla ya yote.

Mwisho kabisa ni nta ya nyuki, kutoka kwa mama mmoja anayeleta asali ya Itigi, iliyoyeyushwa na tapentaini kidogo. Koti moja jembamba, ikafutwa mpaka mkono usiteleze. Kitako haking'ai. Kina mng'ao wa mkono uliopakwa mafuta, na mistari ya mti iliyokuwa imefukiwa tangu 2009 imetoka, kahawia na nyeusi, inapinda kwenye shingo kama moshi. Nilipokiona mara ya kwanza sikuweza kusema kitu, nikaenda kusimama nje.

Malalamiko. La kwanza ni michoro ya kushikia. Upande wa kulia aliichonga upya vizuri sana. Upande wa kushoto, karibu na mpaka wa chini, mistari mitatu imepita mpaka kwa milimita mbili hivi, na mmoja haukwenda sambamba na wenzake. Kifaa alichotumia ni tupa ya pembe tatu aliyoinoa mwenyewe, na macho yake si ya kijana. Mkononi huisikii, ila mimi naiona kila nikiishika. Nilimwambia. Aliitazama juani, akakubali, akapunguza elfu ishirini. Zile 220,000 nilizotaja ni baada ya punguzo. La pili ni mawasiliano. Simu anashika baada ya magharibi tu, na siku mbili alizopitiliza juu ya ile wiki ya chaki zilikuwa za msiba kijijini kwao, jambo ambalo ningelielewa kabisa kama ningeambiwa. Badala yake nilikuta mlango umefungwa na kitako cha baba kipo ndani. Usiku ule sikulala.

Mpira wa kitakoni alikuwa tayari kuuchonga kutoka tairi la lori. Nilikataa, nikaagiza wa kiwandani, laini, na yeye akaukata na kuusugua mpaka ukafuata umbo la mti bila mwanya. Hapo nadhani tulifanya sawa.

Baada ya kuunganisha chuma na mti, skrubu zikikazwa kwa zamu, kidogo mbele, kidogo nyuma, nilikwenda kwenye uwanja wa shabaha kuipima upya. Hili ni lazima: mti ukiguswa, shabaha inahama. Kwenye mita 100 ilikuwa imekwenda kushoto sentimita tisa. Nikarekebisha darubini, na kundi la mwisho, risasi tatu, lilifunikwa na kiganja changu. Zamani bunduki hii ilikuwa inatawanya, sisi tukisema mtutu umezeeka. Kumbe tatizo lilikuwa jino lililoegemea punje ya mahindi.

Nimeibeba msimu huu upande wa Manyoni, siku kumi na moja. Vichaka vya Itigi vinajulikana. Ni miti mifupi iliyosukana, unapita umejikunja na kila tawi linakuparura. Kitako kilipata mikwaruzo ambayo kwenye vanishi ingekuwa mistari myeupe. Jioni, kambini, tone la mafuta kwenye kidole, kusugua mpaka joto, imekwisha. Umande wa asubuhi unasimama juu yake kama shanga. Siku ya mwisho tulinyeshewa kama saa moja, mvua ya kwanza ya mwaka, na nilichokiona baadaye ni doa lililofifia upande wa chini wa sehemu ya mbele ya mti, pale inapolala kwenye bomba la pikapu. Nililipaka mara mbili likapotea. Nimefyatua jumla ya risasi kumi na tisa tangu kazi imalizike. Ufa haujasogea, nauangalia kwa lenzi na kuugonga kwa kifundo kama alivyonifundisha, na shingo sasa inajibu kwa sauti kavu.

Mkitaka kumpelekea, pelekeni Februari au Machi, kabla wenye vitanda na milango ya harusi hawajamjaa baada ya mavuno. Mwende na mafuta yenu ya kitani, maana anayoyapata yeye kwa rejareja wakati mwingine yamechanganywa. Mwende na chaki. Na atakapowauliza mbonyeo ipi aitoe na ipi aiache, msimjibu haraka.